Reli ya Rafuni: Historia ya Kupanga Treni za Mfano Mahali Padogo

Reli ya mfano ni reli iliyopunguzwa vipimo lakini haikupunguziwa kazi: ina njia, pointi za kubadilishia njia, stesheni, taa za ishara na ratiba, na yote hayo hukaa juu ya meza au rafu. Kikwazo chake cha kwanza ni nafasi, na kikwazo hicho ni cha hesabu kabla hakijawa cha ufundi. Katika skeli ya 1:87, inayotumika zaidi Marekani na Ulaya bara, kilomita moja ya reli ya kweli huwa mita 11 na nusu. Jukwaa la mita 300 hudai karibu mita 3 na nusu za ukuta, na hapo pointi za kuingilia stesheni hazijahesabiwa. Injini ya Garratt ya daraja la 59, ile iliyokuwa ikipandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi na iliyozidi mita 30 kwa urefu, hata ikipunguzwa kwa skeli hiyo huzidi sentimita 34 kabla ya kufungiwa behewa lolote. Njia ya kutoka Mombasa hadi Mariakani pekee ingetaka meza ya mamia ya mita. Kwa hiyo kila aliyewahi kupanga reli ya namna hii amelazimika kuamua kipande gani cha reli kiingie chumbani na kipi kiachwe nje ya mlango. Uamuzi huo umebadilika sana tangu mwisho wa karne ya 19, na kilichoubadilisha zaidi ni nyumba za watu kuliko treni zenyewe.

Hadi miaka ya 1880 treni za kuchezea za Ulaya zilikuwa vitu vya bati au mbao vilivyouzwa kimoja kimoja, kila kiwanda na upana wake wa njia. Kampuni ya Märklin ya Göppingen, kusini mwa Ujerumani, ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya nyumba za wanasesere, na biashara hiyo iliifunza jambo la faida: mtoto aliyepewa jiko dogo atataka na sufuria zake, na mwaka unaofuata atataka sahani. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Märklin iliihamishia akili hiyo kwenye treni. Ilionyesha treni ya kujazwa kwa ufunguo pamoja na njia ya vipande iliyounganishwa kwa umbo la tarakimu 8, na ikaweka geji zenye namba ambazo viwanda vingine vilikuja kuzifuata. Geji namba 1 ilikuwa na milimita 45 kati ya reli na reli. Geji 0, iliyoizidi umaarufu baadaye, ilikuwa na milimita 32.

Hapo ndipo upangaji ulipoanza. Maadamu vipande vya njia vilikuwa na urefu na mkunjo unaojulikana, mtu aliweza kukaa na penseli akapanga umbo la reli yake kabla ya kwenda dukani. Hata hivyo wanunuzi wa mwanzo hawakusumbuka sana na penseli. Treni ya geji 1 ilikuwa ya watoto wa matajiri; duara lake dogo lilimeza zaidi ya mita moja ya sakafu, na sakafu ilikuwepo. Njia ilitandazwa sebuleni mchana na jioni watumishi wakaikusanya. Nchini Uingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton na mhandisi wake Henry Greenly waliwauzia watu wazima treni zilizofanana na za kweli, nyingi zikitengenezwa Nürnberg katika kiwanda cha Bing, na wateja wenye uwezo walizipitisha bustanini kati ya maua na bwawa la samaki. Mwaka 1910 wapenzi wa kazi hiyo waliunda jijini London chama kinachoitwa The Model Railway Club, ambacho bado kipo. Kwa watu wa aina hiyo ufinyu wa nafasi ulikuwa shida ya jirani.

Vita Kuu ya Kwanza ikaigeuza hali hiyo. Nyumba mpya zilikuwa ndogo, watumishi walipungua, na familia za tabaka la kati ziliishi katika vyumba ambavyo meza ya kulia ndiyo iliyokuwa uwanja pekee ulio wazi. Mwaka 1922 Bing na Bassett-Lowke walitoa treni iliyopewa jina la meza hiyo: Table Railway, yenye geji ya milimita 16, nusu ya geji 0. Ilikuwa ya bati, na mwanzoni ilijazwa kwa ufunguo, lakini seti nzima ilitosha mezani na ikaondolewa kabla ya chakula cha jioni. Bing ilianguka katika mdororo mkuu wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ila wazo lake halikufa. Stephan Bing, wa ukoo uleule, alisimamia kampuni ya Trix, ambayo mwaka 1935 ilitoa treni ndogo ya umeme. Märklin ikaleta ya kwake mwaka huohuo, na mwaka 1938 kampuni ya Meccano ya Liverpool ikatoa Hornby Dublo.

Waingereza waliingia katika ukubwa huu mpya kwa mguu wa kushoto. Injini zao za kweli zilikuwa nyembamba kuliko za Ulaya bara, kwa sababu madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na kwa wembamba, hivyo mota za wakati huo hazikuenea ndani ya mfano wa 1:87. Suluhisho likawa kukuza mwili hadi 1:76 na kuiacha njia na milimita 16.5 zilezile. Njia ya kweli yenye upana wa milimita 1,435 ikigawanywa kwa 76 hutoa karibu milimita 18.9, kwa hiyo treni za mfano za Uingereza zimekuwa zikipita kwenye njia nyembamba mno kwa milimita mbili na ushei tangu wakati huo. Wenye macho makali walijitenga wakajenga njia zao kwa mkono, na mabishano hayajaisha. Upande wa Ulaya bara hesabu ilikaa sawa, na ikafungua hata mlango wa reli za geji ya mita kama ile ya Afrika Mashariki: mita moja iliyogawanywa kwa 87 ni milimita 11 na nusu, na mjenzi wa 1:87 huifanyia reli ya namna hiyo kwa njia ya milimita 12.

Kupungua kwa treni kulifanya watu watarajie kwamba nafasi ingebaki ya kumwaga. Haikubaki, na mkosaji alikuwa kona. Treni ya kweli hupinda kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mamia ya mita, na hakuna chumba kinachoweza kufuata mfano huo hata kwa skeli. Viwanda vilikubali kona za kubana kupita kiasi. Katika njia za leo za Hornby, kona ya daraja la kwanza ina nusu kipenyo cha milimita 371 na ya pili milimita 438. Ukiifunga ile ya pili kuwa duara, ukaongeza upana wa njia na ukingo wa kuzuia injini isidondoke, ubao wake hukaribia mita moja. Wapangaji wengi wa kwanza hukadiria urefu wa chumba na kusahau kwamba upana ndio unaoamua. Mtu mwenye rafu ya mita 4 kwa sentimita 40 ana eneo la kutosha, lakini treni yake haiwezi kugeuka.

Marekani ilikabiliana na kona kwa kipande cha mbao. Plaiwudi iliuzwa huko kwa futi 8 kwa 4, kipimo ambacho mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam pia hukitaja bila kufikiri, na upana wake wa sentimita 122 ulitosha kabisa kwa duara la 1:87. Ubao mmoja, miguu minne, na reli imepata makao. Jarida la Model Railroader, lililoanzishwa na Al Kalmbach mjini Milwaukee mwaka 1934, lilichapisha ramani nyingi za ubao huo, na mwaka 1956 Linn Westcott, aliyekuja kuwa mhariri wake, alizikusanya ramani za kila ukubwa katika kitabu 101 Track Plans, kilichobaki kikichapwa kwa miongo mingi. Kasoro ya ubao wa futi 8 kwa 4 haionekani kwenye ramani. Mkono wa mtu mzima hufika sentimita 75 hivi bila kuangusha nyumba na miti, kwa hiyo meza hiyo lazima izungukwe, na ukiipa njia ya kupita ya sentimita 60 kila upande, chumba kinachohitajika ni karibu mita 2.4 kwa 3.6. Ubao unaotangazwa kuwa wa mwenye nafasi ndogo humeza chumba cha kulala kizima.

Kulikuwa na kasoro ya pili, nayo ni ya moyoni zaidi. Treni inayozunguka umbo la yai hutoka stesheni, hupita handaki, na hurudi stesheni ileile. Mtoto hufurahi kwa saa nzima. Mtu mzima anayejua reli ya kweli huanza kuuliza mzigo ule unapelekwa wapi, na kwa nini umefika ulikotoka.

Jibu lililodumu lilitolewa na Waingereza waliobanwa zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji yao ilikuwa imepigwa mabomu, nyumba zilikuwa haba, na familia nyingi ziligawana paa na wazazi au wapangaji. Darini kulikuwa na baridi, bandani kulikuwa na unyevu, na vyumba vilivyosalia vilikuwa na vitanda. Kilichopatikana bure ni ukuta. Wakalikata lile yai, wakalinyoosha, wakaliweka rafuni: upande mmoja stesheni ya mwisho wa reli, upande wa pili, nyuma ya ubao uliochorwa anga au nyumba, yadi iliyofichwa. Treni huondoka stesheni, hupita chini ya daraja na kupotea machoni. Pale yadini huwa na njia kadhaa zilizo sambamba, wakati mwingine juu ya ubao unaosogezwa kushoto na kulia au unaozungushwa, na kila njia ina treni inayongoja zamu. Yadi hiyo huwa Plymouth asubuhi, London mchana na mgodi wa makaa ya mawe jioni, ilhali urefu wake ni wa treni moja tu. Uvumbuzi wowote wa baadaye katika kazi hii ni mdogo ukilinganishwa na huo, kwa sababu kwa mara ya kwanza treni ilikuwa na mahali pa kwenda.

Mmoja wa walioionyesha njia hiyo ni Peter Denny, kasisi wa Kanisa la Anglikana, aliyeanza miaka ya 1940 kujenga reli aliyoiita Buckingham, tawi la kubuni la kampuni ya Great Central. Aliihamisha pamoja na familia yake kutoka nyumba moja ya kanisa hadi nyingine, akiijenga upya na kuirefusha kila alipopata chumba kipya. Mwanawe Crispin alikuwa mshika zamu upande wa pili wa njia. Kijana alipokuwa hapatikani, baba alitengeneza mashine iliyoshika nafasi yake katika kupokea na kutuma treni, akaiita Automatic Crispin. Reli ya Buckingham iliendeshwa kwa ratiba, kengele na ishara kama ya kweli, na wageni walioiona walisimulia zaidi kazi yake kuliko ukubwa wake.

John Ahern wa London alifika kwenye nafasi ndogo kwa mlango tofauti. Reli yake ya Madder Valley, aliyoianza miaka ya 1930, haikuiga njia kuu yoyote. Ilikuwa reli ya mashambani iliyobuniwa, yenye injini fupi, mabehewa mawili matatu na kona kali. Kwenye njia kuu ya haraka kona kama hizo huchekesha. Kwenye reli ya kijijini iliyojengwa kwa fedha kidogo hata ile ya kweli ilipinda hivyo. Ahern alikuwa ameona kwamba kuchagua reli ya kuigwa ni sehemu ya hesabu ya nafasi: anayetaka treni ya mabehewa 12 ameshapoteza ukuta wake kabla ya kugusa msumeno. Alijenga pia mitaa, vinu na bandari ndogo kwa ustadi ambao haukuwa umezoeleka, hata treni ikawa mpita njia katika nchi iliyokuwapo kabla yake. Madder Valley imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pendon, Oxfordshire.

Aliyezigeuza hekima hizo kuwa mali ya wote ni Cyril Freezer, mhariri wa jarida la Railway Modeller kuanzia mwaka 1950. Jarida lilikuwa la kampuni ya Peco, mtengenezaji wa njia na pointi, kwa hiyo kila ramani iliyochapishwa ilikuwa pia orodha ya ununuzi; hilo halikuzipunguzia ubora. Freezer alichora mamia ya ramani kwa ajili ya vyumba vya ziada, magereji, madari na rafu juu ya kitanda, na kitabu chake cha ramani 60 za reli ndogo kilipita mikononi mwa vizazi. Ramani yake mashuhuri kuliko zote ilitoka mwaka 1957 na ilipewa jina la mtaa wa katikati ya London, Minories. Ni stesheni ya mwisho ya treni za abiria wa mjini, yenye majukwaa machache kati ya kuta ndefu za matofali, kama shimo lililochimbwa katikati ya majengo.

Ujanja wa Minories unaonekana pale treni inapoingia. Kwenye stesheni ya kawaida ya mwisho, injini iliyoleta mabehewa lazima ikatwe, isogee mbele, ipitie njia ya pembeni na kurudi kushika mkia wa treni. Njia hiyo ya pembeni hudai pointi mbili na urefu wa treni nzima. Minories haina hata moja. Treni ikifika, injini yake hubaki imenaswa kati ya mabehewa na bafa. Injini nyingine iliyokuwa ikisubiri kwenye kijia chake hutoka, hufunga upande wa pili na kuondoka na mabehewa. Ndipo ile ya kwanza inapoachiliwa, ikaenda kungoja treni inayofuata. Zamu hiyo inaweza kurudiwa siku nzima bila kuchosha. Pointi zenyewe zimepangwa ili treni isipinde kushoto na papo hapo kulia, mpindo wa S ambao hufanya mabehewa marefu yayumbe na kugongana. Stesheni kubwa za London zilifanya kazi kwa utaratibu uleule, jambo linaloifanya Minories iwe ndogo bila kuwa ya uongo.

Wasomaji wengi wa Freezer, hata hivyo, hawakujenga mjini. Walijenga kijijini, na mara nyingi kijiji cha kampuni ya Great Western: jukwaa moja, banda la mizigo, banda la injini moja na vilima vya Devon. Ashburton, stesheni ya kweli ya Devon iliyofungwa kwa abiria mwaka 1958, ilikuwa na kila kitu katika eneo dogo, ikaigwa kupita kiasi. Ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufungwa kwa maelfu ya kilomita za reli, iliongeza majonzi, na kilichotoweka mashambani kilizaliwa upya kwenye rafu. Kufikia miaka ya 1970 maonyesho ya Uingereza yalikuwa yamejaa stesheni ndogo za kijani, kila moja na basi lake la zamani mbele ya mlango, na wahakiki walikuwa na haki ya kulalamika kwamba treni mbili kwa siku, zilizo kweli katika historia, ni chache mno kwa mtu aliyelipa kiingilio.

Walioikimbia hali hiyo waligeukia upangaji wa mabehewa. Katika jimbo la California, John Allen alikuwa ameanza miaka ya 1940 na reli ya mita moja kwa mbili hivi, ambayo baadaye aliiingiza yote ndani ya ile kubwa iliyompa jina, Gorre & Daphetid. Alitumia vioo kurefusha mitaa na kuficha mwisho wa chumba, ujanja unaofaa zaidi mahali padogo kuliko palipokuwa pake mwishoni. Mwaka 1972 jarida la Model Railroader lilichapisha mchezo wake, Timesaver: kipande kifupi cha reli chenye pointi 5 na nafasi chache, ambapo wachezaji hushindana kuyafikisha mabehewa mahali pake kwa muda mfupi. Allen alifariki mwanzoni mwa 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza reli yake kubwa. Timesaver, kwa kuwa ilikuwa ndogo na rahisi kuiga, ilishasambaa.

Ndugu yake wa Kiingereza ana adabu zaidi. Alan Wright alijenga Inglenook Sidings mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa pointi 2 tu na njia 3: moja hubeba mabehewa 5, nyingine mbili hubeba 3 kila moja. Kipande cha kusogezea treni mbele ya pointi hutosha injini na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8. Mchezaji huchagua 5 kwa kura, kwa mfuatano uliotoka, kisha huiunda treni hiyo kwenye njia ndefu. Behewa linalotakiwa kwanza huwa nyuma ya mawili yasiyotakiwa. Yale mawili lazima yavutwe, yasukumwe njia ya pili, lakini njia ya pili ina nafasi moja tu. Idadi ya treni zinazoweza kudaiwa ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720, na zote zinawezekana. Urefu unaeleweka kwa kutumia rula: behewa dogo la magurudumu 4 katika 1:76 ni kama sentimita 8, kwa hiyo njia ndefu ni sentimita 40, injini na mabehewa 3 ni kama hizo, pointi mbili fupi za Peco, kila moja ikiwa na milimita 185, ni sentimita 37. Jumla haifiki mita 1.2. Reli inayokaa chini ya kitanda ina kazi ya miaka.

Wakati huohuo viwanda viliendelea kuamini kwamba dawa ni kupunguza tena. Mwaka 1960 kampuni ya Arnold ya Nürnberg ilionyesha treni za milimita 9, skeli iliyokuja kuitwa N, na mwaka 1972 Märklin ikashuka hadi milimita 6.5 na 1:220, ndogo kiasi cha reli nzima kutosha ndani ya mkoba wa ofisini. Punguzo la N ni kubwa, kwani eneo la reli ileile katika 1:160 ni chini ya theluthi moja ya lile la 1:87. Lakini wajenzi wengi walilitumia punguzo hilo kurefusha treni. Shinkansen kamili, treni ya kasi ya Japani yenye mabehewa 16, kila moja likiwa na mita 25, hufikia mita 2 na nusu hata katika N, na stesheni yake huwa ndefu kuliko nyingi za zile rafu za Freezer.

Japani, ambako N ilishika nchi nzima baada ya kampuni ya Kato kuingia mwaka 1965 na Tomix mwaka 1976, ilipata njia ya kuishi na ukweli huo katika nyumba ndogo kuliko za Waingereza. Wengi hawakujenga reli ya kudumu. Njia zenye kokoto na mataruma ya plastiki, zinazoshikana kwa kubonyezwa, hutandazwa juu ya mikeka ya tatami na kukusanywa usiku, na treni huuzwa katika visanduku vinavyosimamishwa kabatini kama vitabu. Anayetaka kuona mabehewa 16 yakikimbia huenda kwenye duka linalokodisha reli kubwa kwa saa. Desturi hiyo ndiyo iliyozaa T-TRAK mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani Lee Monaco-FitzGerald alipokwenda nayo kwao: kisanduku kimoja cha milimita 308 kwa kila mjenzi, chenye njia mbili na mandhari yake, na visanduku vya watu ishirini huunganishwa juu ya meza za ukumbi kuwa reli moja. Mtu hubaki na sentimita 31 nyumbani na huwa na mita 6 siku ya maonyesho.

Upande wa mwisho kabisa wa kipimo ulipata mtetezi wake katika Carl Arendt, Mmarekani aliyeanza mwaka 2002 kukusanya mipangilio midogo kutoka duniani kote. Aliiwekea mpaka wa futi 4 za mraba, yaani mita za mraba 0.37, akadai vilevile kwamba reli ya namna hiyo iwe na kazi ya kweli. Katika mikusanyo yake na ya waliomfuata zipo reli ndani ya droo, sanduku la viatu, sanduku la gitaa na boksi la piza, nyingi zikiwa nasaba ya Inglenook au ya yadi iliyofichwa kwa ubao unaosogea. Arendt alifariki mwaka 2011.

Mpangaji wa leo huchora kwa programu kama AnyRail au XTrackCAD, ambazo hukataa kuunganisha kisichounganika, na katika hilo zimefuta kosa la zamani kuliko yote. Kwenye karatasi mkono huchora pointi kwa kistari cha sentimita 10. Pointi ya Peco ya wastani ina milimita 219, na stesheni yenye pointi 6 mfululizo huongezeka kwa zaidi ya nusu mita ambayo ukuta hauna. Waliobanwa walijua kulikwepa hata kabla ya kompyuta: Peco hutoa michoro ya pointi kwa ukubwa wake halisi, na mjenzi huitandaza kwenye ubao, akaisimamisha injini na mabehewa juu ya karatasi, akaona kama mlango wa chumba bado unafunguka. Bado watu hutafuta pia ukubwa unaofaa zaidi. Mwaka 2022 Hornby ilianzisha kwa Waingereza treni za 1:120 kwenye njia ya milimita 12, na safari hii mwili na njia vya skeli moja. Ukubwa huo ulikuwa umebuniwa Marekani mwaka 1945, ukadumu kwa miongo huko Ujerumani Mashariki na Ulaya ya Mashariki, mahali ambapo vyumba vya ghorofa za serikali havikuruhusu kikubwa zaidi.